Kijana Mgonjwa wa Akili Asigeuzwe Mgeni Kijijini Kwake

Somo hili linawahusu wazazi na walezi wa Mbale na wilaya zinazopakana na Kenya, kuanzia Busia na Malaba hadi Lwakhakha na Suam. Linahusu jambo ambalo askari hulikuta likiwa limekwisha kuchelewa. Kijana wa kidato cha tatu, mpole, asiyewahi kuiba hata embe, anakutwa saa nane usiku katika ua wa watu asiowajua, amevua shati na anazungumza peke yake. Mwenye nyumba anapiga yowe la mwizi. Yanayofuata baada ya yowe hilo, mkazi wa mpakani hahitaji kusimuliwa.

Kijana huyo hakuponzwa na ugonjwa peke yake, kwa kuwa ugonjwa wa akili unatibika. Aliponzwa na kutojulikana. Watu wa kwao walikuwa wamemficha kwa miezi mingi, hata majirani wa mita mia tatu hawakujua kwamba nyumba ile ina mgonjwa.

Tuchukue mfano uliotungwa kwa ajili ya somo hili. Familia inakaa katika miteremko ya Mlima Elgon, baba akifanya biashara ya vitunguu na kahawa. Mtoto wao wa miaka kumi na sita anarudi kutoka shule ya bweni akiwa amebadilika. Halali. Haogi. Anacheka bila kuambiwa neno, kisha anasema mtangazaji wa redio anamtaja yeye kwa mafumbo. Baba anasema ni bangi. Mama anasema ni majirani, kwa sababu ya ule ugomvi wa mpaka wa shamba. Bibi, ambaye ameona mengi, anasema ni kumusambwa, roho ya mababu, kwa kuwa mwaka huu ni mwaka wa imbalu.

Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu anayesema upuuzi. Tumtazame bibi kwanza. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, imbalu inapozinduliwa pale Mutoto mwezi wa Agosti, vijana wa Bugisu hukimbia, hucheza ngoma mchana na usiku, huwatembelea wajomba na shangazi, na husema maneno ya ukali ambayo mwaka mwingine yasingevumiliwa. Wazee hulitarajia joto hilo na hulisifu. Ndiyo maana mwaka wa imbalu kijana mgonjwa anaweza kupotea ndani ya umati wa wazima, na nyumbani wakasubiri yapite. Lakini joto la mtahiriwa lina mahali linapoelekea. Anawajua wajomba zake na anakumbuka aliyemwahidi ng'ombe. Akichoka analala, na akiisha kutahiriwa anatulia. Mgonjwa hakimbilii popote, anawakimbia watu. Hata wimbo wa wenzake anausikia kama matusi yake. Mzee mwenye macho anaweza kuiona tofauti hiyo ndani ya siku tatu, akipenda kuitazama.

Baba naye huenda hakukosea. Bangi inaweza kuuamsha ugonjwa uliolala, na mairungi na waragi huuchochea. Kosa liko katika kudhani kwamba, kwa kuwa alivuta, basi si mgonjwa bali ni mkaidi, na dawa ya mkaidi ni fimbo. Fimbo haijapata kumwondolea mtu sauti anazozisikia. Tena ikiwa mabadiliko yamekuja ghafla, kwa siku moja au mbili, pamoja na homa, mtoto apimwe malaria siku ileile, maana malaria kali huchanganya akili na huua upesi.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba karibu theluthi moja ya matatizo yote ya akili huanza kabla mtu hajatimiza miaka kumi na minne. Mzazi anayesema "mtoto mdogo hawezi kuwa na ugonjwa huo" anapoteza miezi ile ambayo tiba ingekuwa nyepesi.

Sasa tuje kwenye siri. Familia ya mfano wetu iliiandikia shule kwamba kijana ana vidonda vya tumbo. Ikamweka chumba cha nyuma. Alipovunja dirisha, ikamfunga kamba. Tusiwacheke. Wana binti anayeposwa, wana jina la ukoo la kulinda, na wanajua vizuri neno omulalu linavyomganda mtu hata akiisha kupona. Maneno haya yana uzito: mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliamua kwamba maneno ya dharau yaliyotumika katika Sheria ya Adhabu kuwaita watu wenye matatizo ya akili yanawavunjia utu, ikayaondoa. Ikiwa sheria ya nchi imeweza kubadili msamiati wake, kijiwe cha bodaboda kinaweza pia.

Lakini kamba inafanya kazi mbili mbaya. Inachubua mikono, na jeraha huoza. Pia inamthibitishia mgonjwa kile ambacho ugonjwa ulikuwa ukimnong'oneza, kwamba watu wa nyumbani ndio adui zake. Siku fundo litakapolegea atakimbia, na atakimbilia kule ambako hakuna anayemjua.

Kwa hiyo wako watu ambao ni lazima waambiwe mapema, tena waambiwe na mzazi mwenyewe, si na uvumi. Mwenyekiti wa LC1 ni wa kwanza. Wa pili, wengi hawamfikirii, ni kiongozi wa kijiwe cha bodaboda kilicho karibu, kwa kuwa vijana wale ndio wanaoona nani anatembea usiku, na mara nyingi ndio wanaofika wa kwanza yowe linapopigwa. Mwalimu wa darasa aambiwe ukweli. Kisha mzazi afike kituo cha polisi, kwenye dawati la ulinzi wa mtoto na familia, aeleze jina, umri, sura na ugonjwa. Hatafunguliwa shitaka lolote kwa hilo. Askari wa zamu akijua kwamba nyumba fulani ina kijana mgonjwa, simu ya usiku inayosema "tumekamata mwizi" ataisikiliza kwa sikio jingine. Kijana naye, akiwa na utulivu, aambiwe ni nani wameelezwa na kwa nini.

Matibabu yapo karibu kuliko wengi wanavyodhani. Hospitali za rufaa za Mbale na Jinja zina huduma ya afya ya akili, na Butabika, hospitali ya taifa iliyofunguliwa mwaka 1955, hupokea waliowashinda wengine. Mzazi aende na lile daftari la shule ambalo wagonjwa wetu hutumia kuandikiwa, na kabla ya kwenda aandike ndani yake kijana alianza lini kukosa usingizi, alisema nini, alikula nini. Daftari hilo litamsaidia mganga wa hospitali kuliko hadithi ya shangazi watano wanaozungumza kwa pamoja.

Hapa ndipo familia nyingi hukwama, kwa hiyo tukae kidogo. Dawa za ugonjwa huu hazifanyi kazi kama panado. Usingizi unaweza kurudi ndani ya siku chache, lakini fikra huchukua wiki kadhaa kunyooka. Wakati huo baadhi ya wagonjwa hukakamaa shingo, hutetemeka mikono au hudondosha mate. Mama akiona hivyo husema, "Wanamuua mwanangu," na vidonge huishia chooni. Iko dawa ya kuondoa ukakamavu huo, na dozi inaweza kupunguzwa. Linalotakiwa ni kurudi hospitali, si kuacha. Kosa la pili hutokea baadaye, kijana akiwa mzima: anaacha dawa kwa sababu amepona, bila kujua kwamba amepona kwa sababu ya dawa.

Je, maombi na waganga wa jadi? Daktari Catherine Abbo wa Chuo Kikuu cha Makerere aliwachunguza wagonjwa wenye matatizo makubwa ya akili waliokuwa wakitibiwa na waganga wa jadi katika wilaya za Jinja na Iganga, akakuta kwamba wengi wao walitumia hospitali pia. Ndivyo watu wetu walivyo, na jarida hili halina haja ya kupigana nao. Tunalolikataa ni kuamriwa kutupa vidonge, kufungwa minyororo, kunyimwa chakula au kupigwa ili pepo atoke. Kumfunga mtu minyororo, kumnyima chakula au kumpiga ni makosa ya jinai hata yakifanyika mahali patakatifu.

Ukifika usiku ambao mambo yameharibika, ondoeni mapanga, na ondoeni pia dawa za kunyunyizia mashamba, ambazo katika nyumba zetu mara nyingi hukaa chini ya kitanda. Azungumze mtu mmoja tu, yule anayependwa na kijana, kwa sauti ya chini. Watazamaji warudi makwao. Mkiita polisi kwa 999 au 112, semeni kwanza kwamba ni mgonjwa, kisha ana nini mkononi, na anasikia lugha gani. Hilo la lugha si dogo. Wengi upande huu wa Uganda walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, na amri ya Kiswahili humfikia kijana aliyechanganyikiwa kama tishio la risasi. Askari mwenye busara humwacha mama azungumze Lugisu. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 inaruhusu mgonjwa aliye hatari kwake au kwa wengine kupokelewa hospitalini kwa dharura hata kama mwenyewe hakubali. Na ikiwa kijana amevunja au kujeruhi, maelezo ya ugonjwa wake yatolewe kituoni tangu saa ya kwanza, pamoja na daftari; mtoto hapaswi kuchanganywa na watu wazima mahabusu.

Familia yenyewe nayo ichunge nguvu zake. Mama asiyelala mwezi mzima ataugua. Wagawane zamu za usiku, na wadogo zake kijana waelezwe kwamba kaka yao hakurogwa nao wala ugonjwa wake hauambukizi.

Limebaki la mpaka. Mgonjwa hapangi foleni ya uhamiaji. Huko Lwakhakha huvuka mto na kujikuta Bungoma, ambako Wabukusu wanazungumza lugha anayoielewa na huenda ana shangazi. Ndugu hao wa ng'ambo waelezwe habari zote mapema, wapewe picha yake na nakala ya ukurasa wa daftari wenye majina ya dawa. Akitoweka, taarifa itolewe kituoni siku hiyohiyo, na ndugu wa ng'ambo watoe taarifa kwao. Namba 116 ya kuwasaidia watoto inafanya kazi Uganda na Kenya pia. Sheria ya Kenya, kama yetu, inamwona mtu wa namna hii kuwa wa kupelekwa hospitali. Atakayemkuta kijana wa namna hiyo sokoni au kando ya barabara amkalishe kivulini, ampe maji, amwulize jina la mama yake, na apige simu kabla watu hawajajaa.