Somo la 7: Je, Siku za Kale Zilikuwa Njema Zaidi?

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Ezra 3:10–13, Hagai 2:1–9, Yer. 7:1–15, Dan. 2:31–35, Mt. 24:3–14, 45–51, 2 Thes. 3:6–12.

Fungu la Kukariri: Mhubiri 7:10. Lisomwe kwa sauti darasani kabla ya kuanza.

Katika mji wa Bunda, pale magari ya Mwanza na ya Musoma yanapopishana, mazungumzo ya barazani hayachukui muda kufika mahali pale pale. Vijana hawaamkii tena. Kura zinanunuliwa kwa kanga na kilo ya sukari. Simu zimeharibu watoto. Samaki wamepungua ziwani. Kisha mmoja anasema kwamba unabii unatimia, wote wanaitikia kwa kichwa, na kila mtu anakwenda nyumbani kwake.

Kwamba historia inaelekea mwisho, Mwadventista hana shaka. Somo la juma hili linauliza jambo jingine: anayelia kwamba dunia imeharibika analilia nini hasa, na baada ya kulia anafanya nini?

JUMAPILI: Waliolia Penye Msingi

Soma Ezra 3:10–13. Kwa nini watu wawili wanaotazama jiwe lile lile, mmoja alie na mwingine ashangilie?

Waliorudi kutoka Babeli waliweka msingi wa hekalu. Vijana walipiga kelele za furaha. Wazee walioiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti kuu, hata sauti zikachanganyika na wasikiaji wasiweze kutofautisha kilio na shangwe. Ezra hawakemei wazee. Walichokikumbuka kilikuwapo kweli: dhahabu, mierezi, nyimbo za Walawi.

Lakini soma Yeremia 7:1–11. Hiyo ndiyo nyumba waliyoililia. Watu waliiba, wakaua, wakazini, wakamfukizia Baali uvumba, kisha wakaja kusimama ndani yake wakijihesabu salama. Mgeni, yatima na mjane walionewa mlangoni pake. Mungu aliifananisha na maficho ya wezi, akaiacha ibomolewe. Miaka ilipopita, kumbukumbu ilihifadhi dhahabu na kuwasahau wajane. Kumbukumbu ya mwanadamu ndivyo ilivyo, hata ya mzee mcha Mungu.

Ujumbe wa Hagai (2:1–9) kwa watu hao hao ni mfupi. Anakubali kwamba nyumba mpya inaonekana si kitu. Kisha anawaamuru wajitie nguvu, wafanye kazi.

JUMATATU: Mara ya Mababu

Mababu wa wazee wa leo walikuwa na mwisho wao wa dunia. Katika miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe, ikafuata njaa, na ndui ikapita katika maboma. Familia zilihama kwenda Usukuma kutafuta nafaka. Wamisionari Waadventista kutoka Ujerumani, ambao kazi yao ilianzia Upare mwaka 1903, walikuwa wamefungua vituo huku Mara vita ya 1914 ilipowakuta. Nao wakatekwa, waumini wachanga wakabaki bila mchungaji. Kati ya 1961 na 1964, taifa lilipokuwa likipata uhuru wake, Ziwa Viktoria lilipanda zaidi ya mita mbili na kumeza mashamba ya kando. Mwezi Mei 2020 lilirudi kwenye kimo kile na kukipita kidogo, na waliosoma Luka 21:25 juma lile hawakuhitaji mhubiri.

Soma Mathayo 24:6–8. Yesu anataja vita na njaa, kisha anasema nini kuhusu mwisho? Uchungu wa mwanamke unakuja na kuachia, na kila unapokuja anadhani ndio wa mwisho. Mkunga hamcheki, wala hamwachi.

JUMANNE: Kichwa cha Dhahabu

Kaburi la Mwalimu Nyerere liko Mwitongo, Butiama, na wanaolizuru huondoka wakizungumza kana kwamba uovu uliingia Tanzania mwaka 1985, alipong'atuka. Wana sababu. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama kililegeza miiko hiyo. Anayeona viongozi wakitajirika na kukumbuka kanuni ile, haoti ndoto.

Lakini chukua mwaka mmoja tu, 1974. Mwaka huo TANU ilikutana Musoma na kutoa Azimio la Musoma, lililofungua njia ya elimu ya msingi kwa kila mtoto. Mwaka huo huo Operesheni Vijiji ilihamisha kaya za mkoa huu, nyingi kwa nguvu, na nyumba za watu zikabomolewa nyuma yao. Miaka ya 1980 ikaja na foleni za sabuni na sukari. Mwalimu mwenyewe alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika yalikuwa makosa. Wanaomlilia mara nyingi humnyima unyenyekevu huo.

Na anayesifu ndoa za zamani akumbuke kwamba Mtemi Burito, baba yake Mwalimu, alikuwa na wake 22. Desturi za kale hazikuwa kitabu cha Kanuni za Kanisa.

Soma Danieli 2:31–35. Sanamu inashuka kutoka dhahabu hadi udongo, na msomaji wa haraka anaweza kudhani nabii anasifu ya kale. Angalia fungu la 35. Jiwe lilipopiga miguu, je, kichwa cha dhahabu kilibaki?

JUMATANO: Msitu wa Shakahola

Mwezi Aprili 2023, katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola. Miili zaidi ya 400 ilipatikana, mingi ya watoto. Walikuwa wamefundishwa kwamba shule na hospitali ni mali ya dunia iliyooza, na kwamba kwa kufunga hadi kufa wangemwona Yesu mapema. Miaka 23 kabla yake, tarehe 17 Machi 2000, mamia waliungua ndani ya kanisa huko Kanungu, Uganda, katika kundi lililotangaza kwamba mwisho umefika.

Safari ya namna hiyo haianzi na kaburi. Inaanza na malalamiko ambayo baraza lolote la Bunda lingeyaitikia: shule zimepotoka, serikali imepotoka, watoto wamepotoka.

Soma 2 Wathesalonike 3:6–12. Katika kanisa lililotazamia kuja kwa Bwana, Paulo aliagiza nini kuhusu kazi na chakula?

ALHAMISI: Upendo Unapopoa

Dalili zote za Mathayo 24 hutazamwa dirishani, isipokuwa ile ya fungu la 12. Hiyo hutokea ndani ya chumba.

Desemba, shule zinapofungwa, ndio msimu wa ukeketaji katika sehemu za Mara. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini bado kila mwaka wapo wanaotoroka usiku kuelekea nyumba salama za Butiama na Mugumu. Tuseme binti wa miaka 13 anabisha hodi saa tano usiku kwa mzee wa kanisa. Babaye ni jirani. Wanatumia kisima kimoja, walizikiana wazazi. Baba huyo ndiye aliyesema jioni barazani kwamba maadili yamekwisha, na mzee wa kanisa ndiye aliyeitikia. Akimfungulia binti, atapoteza jirani, na pengine ng'ombe zake hazitalala salama. Asipofungua, hakuna atakayejua.

Au bibi mjane ambaye macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka 50 jikoni, na kijijini wameanza kunong'ona neno uchawi. Kura haimhusu, simu hana. Yeye anahitaji mtu wa kuketi naye mchana peupe, watu wakiona.

Soma Mathayo 24:45–51. Watumwa wote wawili wanajua kwamba bwana yu njiani. Ni kazi gani aliyopewa yule mwaminifu? Na yule mwovu anawafanyia nini watumwa wenzake?

IJUMAA: Maswali ya Kujadili

1. Kila mshiriki aliyezaliwa kabla ya 1970 ataje jambo moja la zamani analolikumbuka kwa machozi, na jambo moja la wakati huo huo ambalo asingependa mjukuu wake alipitie. Vijana wasikilize bila kukatiza.

2. Ni lini mara ya mwisho neno "siku za mwisho" lilitamkwa katika darasa lenu, na ni kazi gani iliyofuata?

3. Desemba inakaribia. Katika eneo la kanisa lenu, binti akibisha hodi usiku, ni nyumba ya nani iliyokwisha kukubaliwa kwamba itafunguliwa? Ikiwa hakuna, darasa lisiahirishwe kabla ya kuitaja.