Tamati na Madoa: Ushahidi wa Muswada H wa Nyaraka za Paulo

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa matini wana mazoea ya kuuliza muswada wa kale swali moja: matini yake inasemaje? Swali la pili, yaani muswada umepitia mikono ya nani hadi kufika hapa ulipo, mara nyingi huachiwa wakutubi. Makala haya yanachunguza muswada mmoja ambao kwao maswali hayo mawili hayatenganiki. Huo ni muswada wa Kigiriki wa nyaraka za Mtume Paulo uitwao Codex Coislinianus, ambao wahakiki huutambulisha kwa herufi H au kwa namba 015. Hoja yetu ni kwamba tamati ya muswada huu, ambayo imesifiwa sana, inathibitisha machache kuliko inavyodhaniwa, ilhali madoa yake ya wino yanathibitisha mengi.

2.0 Hali ya muswada

Muswada H uliandikwa katika karne ya 6, juu ya ngozi, kwa herufi kubwa. Kufikia mwaka 1218 ulikuwa katika monasteri ya Lavra Kuu, Mlima Athos, na huko ulichanguliwa, ngozi zake zikatumika kujalidi vitabu vingine. Mjalidi hakuwa na nia mbaya. Ngozi ilikuwa ghali na kitabu kilikuwa kimechakaa. Vitabu alivyovijalidi vilipotawanyika, vipande navyo vilitawanyika. Leo zinajulikana laha 41: Paris 22, Athos 8, Kyiv 3, Saint Petersburg 3, Moscow 3 na Turin 2. Zina sehemu za nyaraka kwa Wakorintho, Wagalatia, Wakolosai, Wathesalonike, Waebrania, Timotheo na Tito. Waraka kwa Warumi haumo kabisa katika laha hizo.

Jambo la kuzingatia ni mpangilio wa mistari. Miswada mingi ya Kigiriki ya enzi hiyo iliandikwa mfululizo, bila nafasi kati ya neno na neno, na msomaji alilazimika kuyatenga maneno mwenyewe. Katika H, mstari hukatwa pale maana inapotua. Kwa hiyo mistari haina urefu mmoja, na ngozi nyingi inabaki tupu. Huo ni ukarimu kwa msomaji wa sauti, nao ulikuwa na gharama.

3.0 Tamati na mamlaka yake

Baada ya Waraka kwa Tito pana tamati. Mwandishi wake anaeleza kwamba amekipanga kitabu kwa mistari ili ndugu wakisome kwa wepesi. Kisha inaelezwa kuwa kitabu kililinganishwa na nakala iliyokuwa katika maktaba ya Kaisaria, iliyoandikwa kwa mkono wa Pamfilo mwenyewe. Pamfilo, mwanazuoni aliyeuawa katika mateso ya Wakristo mwanzoni mwa karne ya 4, alisifika kwa kusahihisha miswada. Ni rahisi basi kuona kwa nini kauli hiyo iliupa H heshima kubwa: ni kama muswada umekuja na hati ya nasaba mkononi.

Lakini hati ya nasaba nayo hunakiliwa. Maneno yanayofanana sana na hayo yamo pia katika muswada wa karne ya 12 uliohifadhiwa Naples, na hakuna anayedai kwamba mnakili wa karne hiyo aliketi Kaisaria na kitabu cha Pamfilo mbele yake. Aliyaandika kwa sababu aliyakuta. Ikiwa yeye aliyakuta, hatuna sababu ya lazima ya kudhani kwamba mnakili wa H hakuyakuta vilevile. Kinachothibitika ni kwamba, mahali fulani katika ukoo wa matini hii, palikuwa na ulinganishaji. Wanaohariri tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu watalitambua tatizo hili: tarehe iliyo mwishoni mwa utenzi yaweza kuwa ya kutungwa au ya kunakiliwa, na mnakili halazimiki kutuambia ni ipi.

4.0 Ushahidi wa madoa

Wino wa kwanza wa H ulififia, na mtu wa baadaye akazipitia herufi upya. Wino wake uliacha alama kwenye ukurasa uliokabiliana, kinyumenyume kama picha ya kioo. Mwaka 1895 J. Armitage Robinson wa Cambridge alionyesha kwamba alama hizo husomeka, na kwamba baadhi yake zinatoka katika kurasa ambazo zenyewe zimepotea. Katika miaka ya 2020, wataalamu wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Glasgow wameendeleza kazi hiyo kwa picha zinazopigwa kwa mawimbi mbalimbali ya mwanga.

Madoa hayana dai lolote la kujitukuza, na hapo ndipo nguvu yake ilipo: hakuna aliyeyaweka ili aaminiwe. Hata hivyo yana mpaka wake. Alama hizo zimetoka kwenye wino wa aliyezipitia herufi, si wa mnakili wa kwanza. Pale alipokosea kufuata herufi iliyofifia, doa litatuhifadhia kosa lake. Kwa sababu hiyo mhariri anayenukuu H kutokana na ukurasa uliopotea hana budi kuweka alama ya kuutofautisha usomaji huo na ule wa laha zilizopo. Akiuandika kwa herufi H tupu, anampa mpitiaji wa baadaye mamlaka ya karne ya 6.