SOMO LA MADEREVA: Joto Ndani ya Gari la Mseto Wakati wa Baridi Kali



Somo hili linawahusu hasa wenzetu wanaoendesha teksi huko Kanada, katika miji kama Winnipeg na Edmonton, ambako mwezi wa Januari baridi huweza kupita nyuzi 30 chini ya sifuri. Wengi wanaendesha magari ya mseto, yaani yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Aliyezoea gari la kawaida hulalamika kwamba hita ni mbovu. Mara nyingi hita ni nzima. Linalokosekana ni kujua joto linatoka wapi. Asiyejua hupoteza petroli, na petroli ni sehemu ya mshahara wake. Mwingine hupoteza maisha.

1. Joto linatoka wapi?

Sehemu kubwa ya nguvu iliyomo katika petroli haifiki kwenye magurudumu. Hugeuka joto. Sehemu yake hutoka na moshi kwenye ekzosi, na sehemu huchukuliwa na maji ya rejeta. Hita ni kama rejeta ndogo nyuma ya dashibodi: maji ya moto hupita ndani yake, feni hupuliza hewa, nasi tunapata joto. Kwa hiyo joto la hita ni mabaki ya kazi ya injini.

Gari la mseto limeundwa makusudi kupunguza mabaki hayo. Injini yake hutumia petroli vizuri zaidi, na hujizima gari linaposimama au kwenda polepole. Dereva akifungua hita kwa nguvu zote, gari huiwasha injini tena, si kwa ajili ya mwendo bali kwa ajili ya kupasha maji tu. Hapo faida ya mseto huanza kuyeyuka. Wizara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba katika safari za mjini, baridi ikiwa nyuzi 7 chini ya sifuri, gari la kawaida hupungukiwa na asilimia 15 hivi ya umbali linaokwenda kwa kila lita, ikilinganishwa na siku ya nyuzi 25. Gari la mseto hupungukiwa na asilimia 30 hadi 34.

Watengenezaji walilitambua tatizo hili. Toyota Prius ya aina ya pili, iliyotoka mwaka 2003, kwa soko la Amerika ya Kaskazini iliwekewa chupa kubwa mfano wa chupa ya chai, ya kutunza maji ya moto hadi siku 3 ili injini isiwake ikiwa baridi. Aina ya tatu, ya mwaka 2009, ilipewa kifaa cha kuchukua joto la ekzosi na kulirudisha kwenye maji. Hata hivyo, kifaa hakimwondolei dereva wajibu wake.

2. Utaratibu wa asubuhi

(a) Kama gari lina hita ya umeme ya kupasha injini, ichomeke kwenye soketi. Saa mbili kabla ya safari zatosha; kuiacha usiku kucha ni kupoteza umeme.

(b) Ondoa theluji yote: kwenye vioo, taa, matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele, na mdomo wa ekzosi.

(c) Washa gari, ngoja kiasi cha nusu dakika, hakikisha vioo vinaonyesha vizuri, kisha ondoka taratibu. Injini inayofanya kazi hupata moto upesi kuliko inayounguruma mahali pamoja.

(d) Dakika za kwanza weka feni chini. Kupuliza sana kabla maji hayajapata moto ni kuyapoza tu.

(e) Tumia kiti chenye joto, kama kipo. Hutumia umeme kidogo sana kuliko kupasha gari zima.

(f) Kioo kikishika ukungu, elekeza hewa kwenye kioo na uchukue hewa ya nje. Ukizungusha hewa ya ndani tu, pumzi za abiria zitazidisha ukungu.

(g) Swichi ya ECO hupunguza nguvu ya hita. Baridi ikizidi, itoe.

3. Hatari ya moshi

Katika moshi wa ekzosi mna sumu ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Gari la mseto lina hatari yake ya pekee: likiwa limewashwa huweza kukaa kimya kabisa. Dereva hushuka gerejini akidhani amelizima, na baadaye injini hujiwasha yenyewe. Kabla ya kushuka, tazama dashibodi. Neno READY likiwaka, gari halijazimwa. Usipashe gari gerejini, hata mlango ukiwa wazi. Ukikwama kwenye theluji, fukua ekzosi kwanza ndipo uwashe hita. Ukisikia kichwa kinauma, kizunguzungu au kichefuchefu, toka upate hewa safi na uite msaada.

4. Nani analipia joto?

Dereva anayepeleka hesabu kwa tajiri na kujaza petroli mwenyewe ndiye anayelipia joto la abiria, na joto lake mwenyewe akiwa kwenye foleni ya kusubiri. Ufundi tuliojifunza hapo juu hupunguza mzigo huo, lakini hauuondoi. Kwa hiyo kila dereva na aandike lita na kilomita zake za Julai, kisha za Januari, na kikundi kijumlishe. Lalamiko lisilo na hesabu ni kelele; lenye hesabu ni hoja. Kwa hoja hiyo mnaweza kudai soketi za umeme mahali pa kuegesha, chumba chenye joto cha kusubiria, na hesabu ya tajiri ipunguzwe miezi ya baridi.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kwa nini injini ya mseto huwaka gari likiwa limesimama?
2. Utamweleza nini abiria anayetaka joto mara tu anapoingia?
3. Katika kituo chenu, nani mwenye jukumu la kufukua theluji iliyozunguka magari?
4. Kikundi chenu kitaanza lini kuandika lita?