Nyuso za wanasesere zisizo na hisia

Swali: Ninafuma wanasesere wa kroshe hapa Kindu. Nyuso zao zote zimepooza. Nifanye nini?

Jibu: Dada, shida huwa kwenye nyusi. Mshono mmoja tu unatosha: ncha ya ndani ikipanda, ana huzuni, ikishuka, amekasirika. Chomeka pini kwanza, umtazame kwa mbali, ndipo udarizi. Macho yashuke chini ya katikati ya uso na yaachane. Hapo anafanana na mtoto mchanga. Ukitaka sura tulivu, vitazame vinyago vya chama cha Bwami cha Walega, wa huko huko Maniema: uso wa umbo la moyo, macho membamba, utulivu mtupu! Mafundo yafiche ndani kabla ya kufunga kichwa. Vifungo usivitumie kama macho kwa wanasesere wa watoto wa chini ya miaka 3. Hung'oka na kuwakaba.