Kaunta Kwanza: Ukialikwa Pabu Uingereza

Ukiingia pabu ya Uingereza, ukachagua kiti kizuri karibu na moto, kisha ukakaa kumsubiri mhudumu kama ilivyo katika baa za Dar es Salaam au Nairobi, utakaa hapo mpaka wafunge. Hakuna aliyekudharau, ndivyo nyumba hizi zinavyoendeshwa. Anayeinuka ni mteja. Kinywaji kinaagizwa kaunta, kinalipiwa papo hapo, na aliyeagiza anakibeba mwenyewe hadi mezani.

Waingereza wanasifika kwa foleni, ila kaunta ya pabu mara nyingi haina mstari. Watu husimama bega kwa bega, na kila mmoja anakumbuka ni nani aliyemtangulia. Mhudumu naye anakumbuka, au walau anajitahidi. Simama penye nafasi, mtazame usoni akigeuka upande wako, basi. Ukigonga kaunta kwa sarafu, ukapiga mluzi au ukapunga noti, umejiweka mwisho kwa mikono yako. Akikufuata kabla ya zamu yako, mwoneshe aliyekutangulia. Jambo dogo hilo litakupatia heshima kuliko bakshishi, ambayo kaunta hata haitarajiwi. Ukitaka kumshukuru mhudumu, mwambie ahesabu na kinywaji chake kwenye bili yako. Beba kadi, maana baadhi ya pabu zimeacha kabisa kupokea fedha taslimu.

Vipimo vimewekwa na sheria. Bia ya bomba huuzwa kwa painti, yaani mililita 568, au nusu painti. Kwa hiyo painti moja inaizidi chupa yetu ya mililita 500. Kuagiza nusu si aibu kwa mwanamume wala mwanamke. Angalia zaidi mvinyo: glasi kubwa ni mililita 250, na hiyo ni theluthi ya chupa nzima. Glasi mbili za namna hiyo kabla ya kula, na mazungumzo yote ya jioni hutayakumbuka.

Juu ya kaunta utaona vishikio virefu vya mbao, kila kimoja na kibandiko chake. Hizo ni pampu za mkono. Mhudumu anapovuta, bia inapanda kutoka kwenye pipa lililoko ghala la chini ya sakafu, na humo hamira bado inafanya kazi yake. Hii ndiyo bia ya asili ya pabu. Swali letu la “baridi au moto?” halina jibu hapa, kwa sababu hutolewa kwenye nyuzijoto 11 hadi 13: si ya friji, si ya rafuni. Gesi yake ni kidogo, uchungu unaonekana, na wengi wetu tukiionja mara ya kwanza hudhani imechina. Haijachina. Mwaka 1971 wanywaji walianzisha chama cha kuitetea, CAMRA, walipoona bia za viwandani zenye gesi nyingi zikiisukuma pembeni. Omba kuionja kwanza. Pabu nyingi zitakumiminia funda moja bure. Usipoipenda, bia za baridi kama za nyumbani nazo zipo kwenye mabomba ya jirani.

Jambo linalowatatiza wageni kuliko yote ni raundi. Mkiwa watano, mmoja huenda kaunta na kununulia wote, kisha mwingine, hadi zamu izunguke. Ukishapokea kinywaji cha mwenzio, una deni, na kuondoka kabla hujalilipa hukumbukwa vibaya kwa muda mrefu. Lakini piga hesabu: watu watano ni painti tano kwa kila mmoja, karibu lita tatu. Ukitaka kunywa kidogo, au dini yako haikuruhusu kunywa pombe wala kumnunulia mtu, sema mapema, kabla ya raundi ya kwanza, kwamba utajinunulia mwenyewe. Hakuna atakayenuna. Kinachochukiza ni kunyamaza, kunywa vya watu, halafu kutafuta koti.

Na mtu asiyetumia kilevi aende pabu? Kwa maoni yangu aende, kama dhamiri yake inamruhusu kukaa mahali pombe inapouzwa. Wafanyakazi wenzako wakikualika, wanataka mkae mzungumze, si kupima unakunywa nini. Kahawa ipo karibu kila mahali, na kinywaji cha bei nafuu ni maji ya soda yaliyotiwa sharubati ya ndimu. Maji ya bomba hutolewa bure kwa mteja anayeyaomba, na hilo ni la kisheria. Tahadhari ni kwenye majina. “Cider” huko si juisi ya tufaha bali pombe ya tufaha, yenye nguvu sawa na bia au zaidi. “Shandy” ni bia iliyochanganywa na soda ya limau. Vinywaji vya tangawizi vingi ni soda kama tulizozizoea, lakini vipo vyenye kilevi, kwa hiyo soma chupa. Bia zisizo na kilevi nazo zinatofautiana: nyingine zimeandikwa 0.0, nyingine 0.5.

Chakula ndicho kitakachokurudisha. Nenda Jumapili mchana ule nyama ya kuoka: vipande vya ng’ombe, kondoo au kuku, viazi vilivyookwa mpaka gamba likakauka, karoti, kabichi, na juu yake mchuzi mzito wa kahawia. Pembeni hukaa Yorkshire pudding, ambayo haina utamu wowote. Ni unga, mayai na maziwa vilivyofura kwenye oveni moto hadi vikawa kama bakuli. Mimina mchuzi humo ndani na ule kabla haijalainika. Weka nafasi mapema, maana nyama ikiisha imeisha. Siku nyingine kuna samaki na chipsi, pai ya nyama, au soseji na viazi vya kuponda. Kumbuka namba ya meza kabla hujaenda kaunta kuagiza, na usichelewe. Jiko huweza kufungwa saa nane na nusu mchana na tena saa tatu usiku, huku vinywaji vikiendelea.

Anayekula halali anapaswa kuuliza zaidi ya aina ya nyama. Samaki mara nyingi huchovywa kwenye rojo la unga lililotiwa bia. Pai ya ng’ombe huenda imepikwa kwa bia, viazi vikaokwa kwa mafuta ya mnyama, na mchuzi ukawa na mvinyo. Soseji ni nguruwe mpaka waseme vinginevyo, na hata yai la kuchemsha linalovikwa nyama kisha kukaangwa, nyama yake kwa kawaida ni nguruwe. Uliza bila haya. Wahudumu wamezoea maswali ya mizio ya chakula, na sheria inawataka waweze kukutajia vizio 14.

Kama uko London na unataka kuona pabu ya kale kweli, panda treni hadi London Bridge, utembee mpaka George Inn. Ilijengwa upya mwaka 1677 baada ya moto, na roshani zake za mbao bado zinatazama ua ambamo magari ya farasi yalikuwa yakiegeshwa. Kwingineko, tazama vibao vyenye picha. Mwaka 1393 Mfalme Richard wa Pili aliwalazimisha wauza bia kutundika alama nje. Ukiona kibao cha Royal Oak, ni ule mwaloni ambamo Mfalme Charles wa Pili alijificha mwaka 1651 baada ya kushindwa vita huko Worcester.

Pombe haiuzwi kwa aliye chini ya miaka 18, na ukionekana chini ya miaka 25 huenda ukaulizwa kitambulisho; pasipoti inakubalika. Watoto huruhusiwa pabu nyingi wakiwa na mtu mzima, hasa mchana. Mbwa pia, tena mbwa hupokewa kwa bashasha kuliko watoto, kwa hiyo kama hupendi kuguswa na mbwa kagua chini ya meza kabla hujakaa. Sigara ni nje.

Kengele ikilia usiku, kwa desturi karibu saa tano, ni nafasi ya mwisho ya kuagiza. Ikilia tena, kaunta imefungwa, ingawa utapewa muda wa kumaliza glasi. Usiendeshe gari. Scotland ilishusha kiwango kinachoruhusiwa kwa madereva mwaka 2014 hadi miligramu 50 za kilevi katika mililita 100 za damu, na hata painti moja inaweza kukuvusha hapo. Kama pabu iko kijijini, huenda basi la mwisho likaondoka kabla ya kengele, na teksi ya huko huitwa mapema, si baada ya taa kuzimwa.