Anza na Pa Kulala: Vidokezo vya Kuvuka Mlima Kenya kwa Miguu

Mtu akikwambia anapanga kupanda Mlima Kenya, mara nyingi kinachomjia akilini ni picha moja tu: yeye, bendera na alama ya Point Lenana. Picha hiyo inachukua dakika tano. Zile siku nyingine zote ndizo safari yenyewe, na ndizo zinazohitaji kupangwa.

Hapa nazungumzia njia moja: kupanda kwa Sirimon, upande wa Nanyuki, na kuteremka kwa Chogoria, upande wa Tharaka-Nithi. Mlengwa ni msafiri anayebeba hema na chakula chake mwenyewe. Kilimanjaro huruhusiwi kupanda bila mwongozaji aliyesajiliwa na wapagazi wake, kwa hiyo anayetaka kutembea na nyumba yake mgongoni atapata nafasi zaidi huku kwetu.

1. Hesabu mahali pa kulala kabla ya kilomita

Lango la Sirimon liko kama mita 2,650 juu ya usawa wa bahari. Old Moses, kambi ya kwanza, iko mita 3,300. Shipton's, kambi ya pili chini ya kuta za vilele vya Batian na Nelion, imepita 4,200 kidogo. Lenana ni 4,985. Ukitazama kilomita peke yake, 9 za siku ya kwanza na 14 hivi za siku ya pili, utasema hii ni safari ya wikendi ndefu. Tazama sasa mahali utakapolaza kichwa. Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 hivi kati ya kambi ya leo na ya kesho, na kila baada ya siku tatu au nne ukae bila kupanda. Kutoka Old Moses hadi Shipton's ni mita 900!

Ile ratiba maarufu ya siku nne, basi, inavunja kanuni mapema tu, siku ya pili. Wengi huimudu. Wengine hufika Lenana wakiwa wametapika kila walichokula tangu Nanyuki, na hawakumbuki mandhari.

Pendekezo langu: lala Old Moses mara mbili, Shipton's mara mbili, kisha mara moja upande wa Chogoria. Siku sita. Ile hatua ya mita 900 haiondoki, ila mwili utakuwa umepewa siku nzima ya kujiandaa. Mwenye muda zaidi anaweza kuikata kwa kupiga hema bonde la Liki Kaskazini, karibu mita 4,000. Na siku ya kukaa isiwe ya kujifunika hemani. Panda saa mbili tatu kuelekea kambi ya mbele bila mzigo, kaa huko kidogo, kisha urudi kulala chini.

2. Tenga siku moja isiyo na kazi

Siku hiyo isiwe na kambi wala kilele. Mvua ikikulaza Shipton's, ndiyo utakayoitumia. Usipoihitaji, utakula samaki Nanyuki au Meru na kurudi nyumbani mapema.

3. Januari na Februari, au Julai hadi Septemba

Mvua za masika hushika Machi hadi Mei na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Aprili na Novemba waachie wenye vichwa vigumu. Hata katika miezi mikavu mlima una tabia yake: asubuhi anga ni safi, ikikaribia saa sita mchana mawingu yanapanda kutoka mabondeni na kufunika kila kitu. Maana yake ni kwamba siku yako ianze saa kumi na mbili asubuhi na mguu uwe umeshafika kambini saa nane au saa tisa mchana. Anayeamka saa tatu, akapika chai kwa utulivu, atapiga hema kwenye mvua.

4. Kwa nini Sirimon kwanza, na si Naro Moru

Naro Moru ni njia fupi, na ufupi wake ndio ubaya wake. Inakupandisha haraka, halafu kati ya Met Station na bonde la Teleki unakutana na mteremko wa matope unaoitwa Vertical Bog, ambao ukiwa na kilo 15 mgongoni utakufundisha matusi mapya. Kama njia ya kupandia siipendi. Kama njia ya dharura ni nzuri kuliko zote: kutoka kambi ya Mackinder's, katika bonde la Teleki, hadi Met Station ni mteremko mtupu, na hapo gari linafika. Iwekee alama kwenye ramani yako hata kama hukusudii kuipita.

Sirimon inapanda pole pole, iko upande mkavu wa mlima, na bonde la Mackinder linakupa siku nzima ya kuzitazama Batian na Nelion zikikua mbele yako. Chogoria nayo ndiyo yenye uzuri wa kuduwaza: vidimbwi vya Hall Tarns vimekaa juu kabisa ya jabali liitwalo Temple, na ukisogea ukingoni unaliona Ziwa Michaelson likiwa limelala chini sana, ndani ya Gorges Valley. Mandhari kama hayo ni heri uyakute ukiwa umemaliza kilele, huna haraka, na unaelekea kwenye hewa nzito.

5. Isome ramani kama mtu aliyechoka

Tafuta ramani ya karatasi ya skeli ya 1:50,000 na uishike hata kama simu yako ina programu ya ramani, kwa sababu betri na baridi hazipatani. Kisha usipime njia kwa rula. Hesabu mistari ya kontua. Kilomita 2 zinazopanda mita 600 kwenye changarawe inayoteleza zitakula muda kuliko kilomita 8 za bonde. Penye kontua zilizosongamana, zidisha muda uliofikiria, halafu ongeza nusu saa ya kuvua na kuvaa koti la mvua.

Kwa taarifa yako, mwaka 1943 Mwitaliano Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka kambi ya wafungwa wa vita karibu na Nanyuki ili kuupanda mlima huu, na moja ya "ramani" zao ilikuwa picha ya mlima kwenye lebo ya kopo la nyama. Batian iliwashinda, lakini bendera yao waliisimika Lenana, kisha wakarudi kambini wenyewe kujisalimisha. Wewe huna sababu hiyo ya kukosa ramani.

6. Jiko la mlimani halipiki maharagwe

Kadiri unavyopanda, maji huchemka kwenye joto dogo zaidi. Shipton's yanachemka kwenye nyuzi 86 hivi badala ya 100. Yatatoa mvuke, yatafoka, utafurahi, lakini githeri na ndengu zitakaa vilevile hadi gesi iishe. Hata wali unasumbua. Beba vitu vinavyohitaji maji moto tu au dakika chache: tambi nyembamba, uji wa wimbi, shayiri, supu ya unga, omena iliyokwisha kukaangwa. Chapati zilizopikwa mjini hudumu siku mbili bila shida kwa sababu huko juu ni friji tupu. Kama unapitia Isiolo, au una jamaa huko, agiza nyirinyiri. Nyama iliyokaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta yake ni chakula kilichobuniwa na watu waliojua kusafiri. Mfukoni weka njugu, tende na sukari guru. Mwinuko unaua hamu ya kula, na kitu kitamu kidogo kidogo ndicho kitakachopita.

Gesi iwe ile mitungi midogo ya kambi yenye mdomo wa skrubu, si meko ya kilo 6. Ndegeni hairuhusiwi kabisa, kwa hiyo anayeruka kutoka Mombasa au Dar es Salaam aipange kununuliwa Nairobi. Moto wa kuni usiufikirie. Ni marufuku, na miti ile ya ajabu ya seneko iliyo juu huchukua miongo mingi kukua.

7. Shanta lako lipimwe kabla ya wewe kupimwa

Likizidi kilo 15, toa kitu. Nguo za pamba zinaanza: suruali ya jinzi ikilowa Old Moses itakauka Chogoria. Vaa sufu au nailoni, na jaketi zito la manyoya utalipata sokoni Gikomba kwa bei ya chakula cha mchana ukijua kuchagua. Begi la kulalia ndilo pekee ambalo nisingelifanyia ubahili. Usiku Shipton's hushuka chini ya sifuri, na baridi inapitia chini, kwa hiyo godoro la kukunja ni la lazima sawa na blanketi. Ongeza glavu, mavin, miwani ya jua na tochi ya kichwani. Mahema na mabegi ya kulalia yanakodishwa Nanyuki, ila zipu uifunge na kuifungua mwenyewe kabla hujalipa.

Kugawana mzigo na mpagazi mmoja kwa kundi zima si aibu. Ni mtu anayejua mahali penye maji.

8. Pimbi ni mwizi

Shipton's wanaishi pimbi wanene, wapole, wanaokutazama kama wajomba waliostaafu. Chakula kiwe kwenye chombo kinachofungwa, si kwenye mfuko mlangoni pa hema.

9. Maji

Mabonde ya Liki na Mackinder yana vijito. Siku ya kupita kileleni usitegemee kukuta maji njiani; jaza lita mbili tatu kabla ya kuondoka, na chupa zilale ndani ya begi lako la kulalia zisigande. Yachemshe au tumia vidonge. Chupa za plastiki za kutupwa ziliharamishwa kwenye hifadhi zote za Kenya tangu Juni 2020, kwa hiyo nunua chupa ya chuma au plastiki ngumu mapema, usije ukaanza safari kwa mabishano na askari langoni.

10. Kubalianeni chini nani atasema "tunarudi"

Kichwa kuuma kidogo, usingizi kukatika, kukosa hamu ya chakula: hayo ya kawaida, tulia hapo hapo ulipo na usipande hadi yaishe. Lakini mtu akianza kupepesuka kama mlevi, akichanganya maneno, au akihema na kukohoa hali amekaa tu, hapo ubongo au mapafu yanaingia maji. Hakuna kusubiri kupambazuke. Anashuka saa ile ile, na hashuki peke yake.

Hili liamuliwe Nanyuki, sio mita 4,700, kwa sababu mgonjwa wa mwinuko ndiye wa mwisho kukubali kwamba ni mgonjwa. Mtajeni mmoja mwenye neno la mwisho. Awe mkubwa kwa umri au mdogo, akisema, mmesikia. Dawa ya asetazolamaidi husaidia baadhi ya watu kuzoea. Muulize daktari wako wiki kadhaa kabla, si muuza duka la dawa asubuhi ya safari. Pombe na vidonge vya usingizi viache mjini.

11. Si lazima uondoke saa nane usiku

Makundi mengi hutoka Shipton's saa nane au tisa usiku ili jua liwakute Lenana, yapata saa kumi na mbili na nusu. Kisoi Munyao alipopandisha bendera ya Kenya pale usiku wa kuamkia uhuru, Desemba 12, 1963, usiku ulikuwa na sababu. Wewe unavuka na shanta zima mgongoni, kwenye changarawe inayokurudisha nyuma hatua moja kwa kila mbili. Mimi ni wa kundi la wanaosema jua huchomoza kila siku. Toka saa kumi na moja alfajiri. Mwanga utakukuta kwenye mteremko mbaya zaidi, pale hasa unapouhitaji, na utafika juu kabla ya mawingu. Kutoka Lenana kuelekea mashariki ramani ina zaidi ya kijia kimoja. Amua utakachofuata ukiwa bado unahisi vidole vyako.

12. Karatasi, yaani simu

Ada za hifadhi hulipwa kwa mtandao kupitia eCitizen, na langoni hawapokei pesa taslimu. Lipia siku zote utakazokuwa ndani, pamoja na ile ya akiba, na ueleze kwamba utatokea lango jingine. Hifadhi risiti kama picha kwenye simu. Usiende peke yako, langoni hawatakubali.

13. Panga namna ya kutoka kabla ya kuingia

Kuingia ni rahisi: matatu hadi Nanyuki, nyingine ya kuelekea Timau au Meru ikushushe kwenye njia panda ya Sirimon, halafu bodaboda hadi langoni. Kutoka ndiko kunakowakwamisha watu. Siku ya kilele unaweza kulala Hall Tarns au, kama magoti yanakubali, kuteremka hadi Ziwa Ellis. Kesho yake unashuka hadi lango la Chogoria, ambapo kuna mabanda ya kulala kwa aliyechoka na hema. Tatizo ni kipande cha kutoka pale hadi mji wa Chogoria, kwenye barabara ya Embu na Meru. Barabara ya msituni ikinyeshewa, magari ya kawaida hayapandi, na mtandao wa simu huko si wa kuutegemea. Ongea na mwenye Land Rover kabla hujaondoka Nanyuki, mkubaliane bei ya gari zima na si ya kila kichwa, na umlipe nusu tu. Akikuambia atakuja "mapema", muulize ni saa ngapi hasa, kwa maana kutoka langoni hadi lami ni zaidi ya kilomita 20 za msitu wenye tembo na nyati, na si za kutembea jioni.