Vitenzi Visivyo na Mtendaji katika Kifaransa

Mwanafunzi, soma sentensi hii: Kumekucha Msambweni. Je, ni nani aliyekucha? Hakuna. Kiambishi ku- kimeshika nafasi ya kiima bila kumtaja mtu wala kitu. Katika Kifaransa, kazi hiyo hufanywa na il. Hapa il haimaanishi "yeye", na kitenzi hubaki katika nafsi ya tatu umoja daima.

1. Hali ya hewa
Mvua inanyesha Kwale: Il pleut à Kwale.
Kosa: La pluie pleut. Kitenzi pleuvoir kimekwisha kubeba mvua ndani yake.
Kuna joto Diani: Il fait chaud à Diani.

2. Kuwepo kwa kitu
Kuna mashua moja: Il y a un bateau.
Kuna mashua kumi: Il y a dix bateaux.
Idadi imebadilika, il y a haikubadilika. Wakati uliopita: il y avait (kulikuwa na).

3. Lazima
Lazima kuondoka: Il faut partir.
Lazima niondoke: Il faut que je parte.
Kosa: Je faut partir. Falloir hakikubali kiima kingine ila il. Tazama pia irabu -e katika "niondoke": Kiswahili kinapobadilisha kitenzi baada ya "lazima", Kifaransa nacho hutumia subjonctif baada ya il faut que.

4. Kujibu maswali ya kitabu teule
Ukiulizwa riwaya inahusu nini, usiandike: Le roman s'agit d'une fille. Andika: Dans ce roman, il s'agit d'une fille. Kosa hili hutokea katika sentensi ya kwanza ya jibu, nalo humwonyesha mtahini udhaifu wako kabla hajafikia hoja zako.

Tahadhari
Si kila il haina mtu. Linganisha:
Il est en retard (Amechelewa).
Il est tard (Muda umekwenda).
Jaribu kuweka jina Juma mahali pa il. Juma est en retard inakubalika. Juma est tard haikubaliki. Jina likikataa kuingia, jua il hiyo haina mtu.

Zoezi
Tafsiri kwa Kifaransa, ukiwa umefunika majibu.
(a) Jana mvua ilinyesha Msambweni.
(b) Kuna mbega Diani.
(c) Lazima tusome riwaya hii.
(d) Ni muhimu kusoma.

Majibu
(a) Hier, il a plu à Msambweni.
(b) Il y a des colobes à Diani.
(c) Il faut que nous lisions ce roman.
(d) Il est important de lire.

Ukikosa (c), rudia sehemu ya 3 kabla ya kuendelea.